Barabara Iliyolambwa na Ng'ombe

Clementina alipowaambia Watanzania wenzake kanisani kwamba anatafiti namna ya kuzuia barafu barabarani, walicheka mpaka mchungaji akageuka kuwatazama. Durban hiyo, ambako Julai watu wanavaa sweta asubuhi na kulivua kabla ya chai ya saa nne? Naye mtu wa Bukoba, theluji alikuwa akiiona kwenye kalenda tu.

Lakini Clementina alijua jambo ambalo wao hawakulijali. Theluji ikianguka milimani Drakensberg, malori yanayotoka bandarini kwenda Johannesburg yanakwama njiani, na foleni inashuka milima kama nyoka asiye na mkia. Wahandisi walimwaga chumvi, malori yakaipeperusha kabla haijafanya kazi. Yeye alitaka kuishikisha kwenye lami kwa molasi, ule uji mweusi wa miwa unaobaki viwandani sukari ikishatolewa. Molasi ilikuwa tele pwani nzima.

Tatizo lilikuwa baridi. Chuo chake hakikuwa na mahali pa kuigandisha barabara. Alizunguka kwenye maghala ya Mobeni akiomba kona, akafukuzwa kwa adabu mara kadhaa, hadi alipokutana na Honoré, fundi wa mitambo ya baridi kutoka Lubumbashi, aliyesimamia ghala la samaki.

"Unataka kugandisha barabara?" Honoré aliuliza, akimtazama kama anayepima homa.

"Vipande vya lami tu, Papa Honoré. Vipande vidogo."

"Na upepo? Kule mulimani iko upepo, dada. Bila upepo unajidanganya."

Akamfungia feni. Kuanzia siku hiyo wakawa wawili, wakiingia kwenye chumba cha baridi na makoti mazito, wakinyunyiza, wakikwangua, wakibishana. Mchanganyiko ulipowakubalia, maji yake hayakuganda hata samaki walipokuwa wagumu kama magogo, na lami ilibaki nyeusi, yenye unyevu, bila barafu juu yake.

Bwana Naicker, mhandisi wa barabara mzaliwa wa Chatsworth, alikuja kuona. Alipitisha kidole kwenye lami, akauliza maswali magumu, kisha akawapa kipande cha barabara ya mashambani chini ya kipito cha mlimani cha Van Reenen wajaribie hapo. Hiyo ilikuwa mwaka 1997.

Walinyunyiza jioni kwa boza. Alfajiri baridi kali ilipiga kama walivyoomba. Walipofika kukagua, barabara haikuwa na barafu. Ilikuwa na ng'ombe. Kundi zima lilikuwa limevunja ua wa shamba, limejipanga kwenye lami likilamba kwa utulivu, kama wageni wa arusi waliofikiwa na pilau. Lori moja liliwakuta kwenye kona, likafunga breki, likaingia mtaroni. Dereva alitoka salama, ila matusi aliyoyatoa, Clementina hakuyasahau.

"Barabara si hori, Miss Clementina," Bwana Naicker alisema. Akasimamisha jaribio.

Njia nzima ya kurudi Durban Clementina alihesabu hasara kwenye daftari lake. Honoré alivumilia mpaka Pinetown, karibu na mjini.

"Ngombe haikosee," alisema hatimaye. "Ikilamba, ni kusema kazi yako iko muzuri. Tulipikia tu watu hatukualika."

Clementina alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Jumapili moja alialikwa chakula kwa Honoré. Mkewe, Colette, alikuwa anamwachisha mtoto ziwa. Mtoto alimpandia mapajani, akavuta nguo, akaonja, akakunja uso na kugeukia ugali wake.

"Umepaka nini, dada Colette?" Clementina aliuliza.

"Shubiri. Hapa banaiita inhlaba. Bamama ba soko ya Warwick banauzisha."

Clementina aliweka kijiko chini. Hata Bukoba alikuwa ameona wanawake wakifanya vile, na wala hakuwahi kufikiria kwamba ng'ombe naye ana ulimi. Akamtazama Honoré, na Honoré, aliyekwisha kuelewa, akaanza kutafuta funguo za ghala.

"Kula kwanza," Colette akamwambia mumewe.

Kazi ilianza upya. Shubiri ikizidi, molasi ilikatika, ikaacha kushika lami; ikipungua, utamu ulishinda. Walipopata kipimo, walirudi kwa mwenye lile shamba lililovunjwa ua, wakamwomba radhi, wakaweka mbele ya ng'ombe wake mabeseni mawili, moja la mchanganyiko wa zamani na moja la mpya. La zamani liliisha mara moja. Kwenye la mpya, jike mkubwa mwekundu alilamba mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwenye shamba ndiye aliyempigia simu Bwana Naicker kumwambia jaribio lirudiwe.

Msimu wa baridi uliofuata theluji ilianguka kweli. Clementina aliiona kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya boza, pembeni ya Honoré, ikishuka bila sauti juu ya boneti ya gari. Kulipopambazuka mashamba yote yalikuwa meupe, na katikati yake barabara yao ilipita nyeusi, inang'aa, kuanzia walipoanza kunyunyiza hadi walipoishia. Ng'ombe walisimama nyuma ya ua wakitazama tu. Kisha malori yakaja, moja baada ya jingine, yakipanda bila kuteleza.

Bwana Naicker alishuka kwenye gari lake, akatembea katikati ya lami kwa viatu vyake vya ofisini, akarudi.

"Nitaombwa nieleze nani ametengeneza hii," alisema. "Niseme chuo?"

"Sema chuo," Clementina alijibu. "Na sema Clementina Rweyongeza wa Bukoba na Honoré Kasongo wa Lubumbashi, kutoka ghala la samaki, Mobeni."

Bwana Naicker alimwomba ayataje tena majina hayo herufi kwa herufi. Akayataja taratibu, kifua mbele, huku theluji ikimwangukia begani na yeye asijali kuipangusa.