Suti ya Bandi

Kitinda mimba wa nyumba ile alikuwa na msemo: heshima ya mtu huanzia kwenye pasi. Pasi yenyewe alipigiwa na dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Alipotaka suti ya kwenda kujitambulisha ukweni, dada alishona mpaka kiuno kikaomba likizo.

Siku yenyewe dada alitoka kidogo kununua vifungo. Kurudi, henga tupu. Bwana harusi mtarajiwa kashavaa, kashaondoka, na suruali nyuma bado imeshikwa kwa bandi, ule ushonaji wa kujaribishia tu, ambao hata kikohozi kizito huutisha. Dada akachomeka sindano yenye uzi kwenye kola, akatoka mbio, ndala zikimchapa visigino.

Alimkuta sebuleni kwa wakwe, kasimama wima na glasi ya juisi, kapendeza kama picha ya kalenda. Roho ikamtulia dada. Bahati mbaya hii nayo ina heri, akawaza, leo wakwe watanijua.

"Karibu, mama," mama mkwe akasema. "Wewe ni nani kwa kijana wetu?"

Mdogo wake akaziangalia zile ndala. "Huyo? Fundi wangu wa nguo."

"Aa. Nikadhani ndiye dada yako, yule daktari."

"Dada yuko zamu hospitali, mama. Wagonjwa hawamwachi apumue."

Dada akageuka kumtafuta huyo daktari. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Kumbe miaka yote aliyoinamia cherehani alikuwa anatibu watu, na hakuna aliyemwambia.

"Nilikuja kukwambia hiyo suruali..."

"Fundi, tutaongea dukani," akamkata, macho yakimwonyesha mlango.

Dada akageukia mlango.

"Basi kaa, mwanangu," mama mkwe akamwambia kijana.

Akakaa. Trrrr.

Bandi ikafumuka nyuma yote. Baba mkwe, ambaye masikio yake hayakuwa mazima, akaingia kutoka ndani, mkono mbele. "Simama nikuone, mkwe."

Mkwe hakusimama. "Dada," akaita, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Dada yangu, nisaidie."

Dada akachomoa sindano kolani, akaichomeka taratibu kwenye mkono wa kochi.

"Umekosea, bosi. Dada yako yuko zamu hospitali."

Akaenda zake. Ndala zilisikika mpaka getini.