Mkeka Ambao Haukusukwa kwa Kukaa

Mjukuu wangu Mwanvita anashona nguo mjini Morogoro, kibarazani kwa fundi mmoja, kwa cherehani ya kuazima. Mwezi wa saba alipanda huku kwetu milimani na habari: kuna mama anauza cherehani yake, kuukuu lakini nzima, na amempa mpaka Ijumaa apeleke hela. Mwenyewe alikuwa na nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeviringishwa darini, jikoni kwangu.

Ulikuwa ukili wa mkeka. Kwa asiyejua, ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu tunaousuka kwanza. Ukishapata pima za kutosha unaushona ukingo kwa ukingo, ndiyo unakuwa mkeka. Huo wangu nilikuwa nao mwaka na miezi. Nikamwambia, uchukue, mke mwenzangu, tuushone ukauze. Namwita hivyo kwa sababu marehemu babu yake, Rehani, alikuwa akimwita mke mdogo, na mimi najitia kununa.

Mteja alikwishampata, dada mmoja anaitwa Magreth, mwenye nyumba ya wageni huko mjini. Jumatatu jioni akampigia. Simu huku kwetu inashika ukisimama juu ya jiwe la kuanikia vyombo, tena uiweke spika na kupaza sauti, kwa hiyo kila neno nililisikia jikoni. Magreth alisema bei ni kubwa, akauliza kwani mkeka mmoja unasukwa siku ngapi.

“Usijali dada, tutapunguza,” Mwanvita akamjibu. “Bibi hana kazi nyingine. Anasuka tu akiwa amekaa.”

Basi bei ikashushwa karibu nusu. Hata hivyo ilitosha kumalizia cherehani. Akarudi jikoni anacheka, akanipa na hiyo habari kama zawadi. Nikamwambia vizuri, nikampakulia ugali. Ukimgombeza mtu mwenye furaha hasikii kitu, anaona wivu wako tu.

Asubuhi tukatandaza ukili uani tukaanza kushona, yeye upande huu na mimi upande ule, kila mtu na shazia yake, ile sindano nene ya mikeka. Haukupita muda akauliza mbona ukili wenyewe haufanani, huku umekaza, huku umelegea, huku una rangi ya moshi. Nikamwambia huo uliolegea nilikuwa natoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani.

“Ulikuwa unasuka na mzigo kichwani?”

“Mikono si ilikuwa mitupu?”

Akacheka. Nikaendelea kumwonyesha, maana aliuliza. Hapa nilikuwa nateremka kwenda kliniki na hili goti langu. Hapa maharage yalikuwa jikoni na mimi nimesimama nayachungulia, ndiyo huo moshi. Huu uliokaza hivi, mpaka sindano inakataa kupita, ni zile wiki mbili babu yako amelazwa, mkono ulikuwa unavuta wenyewe. Na huu uliopinda ni wako. Ulikuja Idi ukasema unanisaidia.

“Umepinda kama mkia wa mbwa,” akasema. “Kwa nini hukuufumua?”

Nikamwambia niliufumua mara moja, ukapinda tena, mara ya pili nikaona nitamaliza lini.

Akashona kidogo, halafu akaacha. Akaupitisha mkono juu ya ukili wote, kuanzia mwanzo hadi tulipofika.

“Bibi, ni wapi hapa ulikuwa umekaa?”

Nikatafuta kweli, sikutaka kumdanganya. “Labda hospitali,” nikasema. “Na hapo penyewe viti vilikuwa vichache.”

Hakucheka. Alinyanyuka akaenda kwenye jiwe lake. Nilipomwona anabonyeza simu nikaelewa, nikamfuata nikamwambia aache, Ijumaa iko karibu, cherehani kwanza, mimi nitasuka mwingine. Akanionyesha kiganja, nitulie.

“Dada Magreth, jana nilisema vibaya juu ya bibi yangu,” akasema. “Huu mkeka haukusukwa kwa kukaa. Bei yake ni ile ya kwanza.”

Yule dada akauliza tena bei ya kwanza ilikuwa ngapi, akatajiwa. Kisha akasema anautaka, na bei ameikubali, ila hela yote hana mpaka mwisho wa mwezi, na kulipa nusu nusu hapendi, tumwekee.

Ijumaa tulikuwa tunamalizia mizunguko ya mwisho ujumbe ulipoingia. Yule mama muuzaji amekataa kungoja mpaka mwisho wa mwezi, cherehani ameichukua Abdi, fundi wa sare za shule. Mwanvita alisoma, akajifunika uso kwa khanga kama mtu aliyeingiwa na moshi, na moto wenyewe haukuwapo. Nilimwacha alie. Sikumwambia atapata nyingine upesi, mimi nayajulia wapi mambo ya cherehani? Nilisogea tu, goti langu likagusana na lake.

Alipofunua uso akauliza, “Sasa nitashonea cherehani ya watu mpaka lini?”

“Sijui, mke mwenzangu. Ila hapo umeruka mshono.”

Akaangalia. Kweli alikuwa ameruka, tena karibu na ukingo, mahali ambapo mteja asingepaona. Akavuta kamasi, akafumua hadi palipokosewa, akaniomba nimtungie shazia kwa vile macho yake bado yana maji. Nikamtungia. Akaanza upya, na safari hii kila mshono aliukaza mpaka ukindu ukalia.