Maua-Tumbili ya Polisi wa Maji

Mtaani kwetu wananiita Polisi wa Maji, na jina lenyewe sijawahi kulikataa, maana nimelitolea jasho. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaambia watu wa mji huu mdogo wa pwani ya California kwamba maua-tumbili, vichaka vya porini vya huku kwetu, hayataki maji ya kiangazi, na bado kila Julai nakuta mtu kasimama na mpira wa maji mkononi, huruma imemjaa usoni, anaua mmea. Mwaka juzi nilimgongea mlango mwalimu mmoja mstaafu saa moja asubuhi nikamwamuru afunge bomba. Alifunga. Mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Wanasema jina limetokana na sura ya ua, kwamba ukilitazama kwa mbele utaona tumbili anacheka. Mimi nimeyatazama tangu utotoni na huyo tumbili sijamwona. Ninachokiona ni rangi ya chungwa iliyopauka kidogo, majani yanayonata vidoleni, na ndani ya koo la ua kiulimi cheupe chenye midomo miwili. Ukikigusa kwa unyasi, ile midomo inafumba taratibu. Mama alipenda kunionyesha jambo hilo kila nilipozidisha maneno. Alikuwa akisema hata ua linajua pa kunyamazia, halafu ananitazama.

Kichaka kilichokuwa mbele ya dirisha letu la sebuleni kilitoka kwake. Alipofariki, nyumba ya bondeni iliuzwa, na aliyeinunua aling'oa kila kitu bustanini pale akatandika nyasi za mabunda, kama mtu anayetandika zulia. Wiki moja kabla ya kukabidhi funguo nilikuwa nimekata vijiti vitano vya urefu wa kidole. Kimoja tu kilishika mizizi. Kwa hiyo watu wakiniuliza kwa nini nagombana na dunia nzima kwa ajili ya kichaka, huwa siwajibu.

Sasa mume wangu, Garth. Garth ametoka Iowa, ambako mvua inanyesha kiangazi na mahindi yanapita kimo cha mtu. Kwake yeye mmea uliopukutisha majani ni mgonjwa mwenye kiu. Ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja, mpira wa maji. Anaosha gari, anaosha ngazi, siku moja nilimkuta anaosha pipa la taka kwa ndani. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa nimemfundisha kukunja shuka na kutotia sukari kwenye maharage, lakini kumtoa mkono kwenye bomba kumenishinda.

Ndiyo maana daktari aliponiambia mwezi Juni kwamba goti langu la kulia halina budi kubadilishwa, sikuogopa kisu. Niliogopa Garth. Kabla ya kwenda hospitali niliandika karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika kwenye friji: KICHAKA CHA MAMA USIKIMWAGILIE. KIKIKAUKA, USIKIMWAGILIE. NIKILIA, USIKIMWAGILIE.

Garth aliisoma mpaka mwisho, miwani imemshuka puani.

"Na nyumba ikiungua?"

"Nyumba mwagilia."

Nilirudi na magongo mawili na goti la chuma. Wakanipangia kiti dirishani, mguu juu ya kigoda, na hapo ndipo nilipokaa saa nane kwa siku nikikitazama kichaka. Maua yalikwisha katikati ya Julai. Majani yakaingia weusi, yakajikunja, yakaanza kudondoka. Hayo nayajua vizuri. Nimeyafundisha ukumbini kwenye chama chetu cha bustani, kwa picha na kijiti cha kuonyeshea: kichaka hulala wakati wa ukame na kuamka mvua za kwanza zikigonga, na ukikimwagilia kimelala mizizi inaoza. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa na miguu yangu. Kikiwa kinalala, mimi nilikuwa huku na huku nikiwakaripia watu. Sikuwahi kukaa chini nikakiona kikipoteza jani moja moja.

Garth akipita nje namwita.

"Unakwenda wapi?"

"Kutupa taka."

"Mkono wa pili una nini?"

"Taka, mke wangu. Zilikuwa nyingi."

Mwezi Agosti ulivuma upepo wa joto kutoka bara, siku nne mfululizo. Ulipotulia, kichaka kilikuwa vijiti vyeusi vitupu. Nilijisomea somo langu mwenyewe, kwamba kimelala tu, kimelala tu, na moyo ukawa unanijibu kuwa hiki hakikulala. Mama hayupo, nyumba yake haipo, na kilichobaki kinakufa mbele ya macho yangu nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kigoda. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Niliogopa kama mtoto.

Jumatano iliyofuata Garth alikwenda kunyoa na kunichukulia dawa. Nilikuwa na saa mbili. Nikajiambia ni kikombe kimoja tu, cha kulowesha mizizi. Nilifunga ncha ya mpira kwenye gongo kwa mkanda wa joho langu la kuogea, nikauburuta hadi shinani, nikaufungua kwenye gongo na kuukandamiza kwa jiwe. Kisha nikarudi ukutani kufungulia bomba kidogo. Maji yakaanza kutoka. Nikaketi kwenye benchi alilolichonga Garth, ambalo siku zote nimesema ni fupi mno, nikahesabu mpaka sitini.

Nilipotaka kuinuka, goti jipya likakataa. Na la zamani, kwa kuona mwenzake kakataa, nalo likagoma. Bomba lilikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Nilijaribu kuuvuta mpira kwa gongo, gongo likanasa matawini, nikaliachia nisije nikayavunja. Nikakaa. Maji yakawa yanatiririka kwenye udongo unaowaka kwa jua, shinani mwa kichaka cha Mama, hasa vile nilivyowakataza watu kwa miaka kumi na tisa. Dakika arobaini. Jirani yetu Setsuko alikuwa kwenye miti yake ya peasi ng'ambo ya uzio, nilimsikia akikohoa. Ningepaaza sauti angekuja. Sikupaaza. Nilichoogopa zaidi wakati ule ni Setsuko kuniona.

Hatimaye nilijisogeza kwa makalio hadi kwenye nguzo ya uzio, nikajikokota juu. Nikafunga bomba, nikarudi kulichomoa gongo, nikatoka nikiyumba kwenye tope. Soksi mbichi nilizificha kwenye kikapu cha kufumia. Garth aliporudi, kichwa chake kimenyolewa kama tunda la kiwi, aliniuliza siku ilikuwaje. Nikasema imenichosha, haikuwa na jambo. Alitoka nje akasimama kidogo akitazama bustani, halafu akachukua reki akasema anafagia majani.

Katikati ya Septemba Setsuko alikuja na kapu la peasi. Ana miaka themanini na miwili, na kwa miaka arobaini yeye na marehemu mumewe walikuza maua ya kuuza kwenye nyumba ya vioo iliyoko nyuma ya kwake. Mmea haumdanganyi. Alichuchumaa vizuri kuliko nilivyowahi kuchuchumaa mimi nikiwa na magoti yangu yote, akakwaruza gome shinani kwa ukucha, akanusa.

"Hiki hakikufa kwa kiu," alisema. "Kimenyweshwa."

Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi kwanza, halafu Garth aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nilikuwa na nafasi pale. Sentensi moja tu ingetosha.

"Garth ametoka Iowa," nikasema.

Garth aliyatazama magongo yangu yaliyoegemea ukuta. Akanitazama na mimi.

"Kule hanyimwi mtu mvua," alisema, akaingia ndani kupika chai.

Chama chetu kina desturi. Kikao cha kwanza cha Oktoba kila mtu analeta mmea aliouua kiangazi, kwenye chungu chake au kijiti kikavu, anasimama mbele ya watu na kueleza umekufaje. Muuaji mkubwa anapewa kopo dogo la kumwagilia, la watoto la kuchezea, limepakwa rangi ya dhahabu, na analiweka nyumbani mpaka apatikane wa kumpokonya. Mimi ndiye niliyeianzisha desturi hiyo, na kopo halijawahi kuvuka mlango wangu.

Garth alibeba tawi la kichaka cha Mama. Alisimama akasema kilikufa tukiwa nacho, akaketi. Ukumbi mzima ulicheka. Mmoja alimuuliza kama mwaka huu ameogesha na paka, mwingine akasema ameua ndani ya kituo cha polisi. Yule mwalimu mstaafu ndiye aliyemkabidhi kopo, tena kwa kuinama, na Garth akaliinua juu kama mchezaji aliyeshinda kombe. Nilipiga makofi pamoja nao. Nimefanyiwa operesheni ya goti, najua maumivu, na nasema makofi yale yaliniuma zaidi.

Alipofika nyumbani alilipanga kopo kwenye rafu karibu na picha ya harusi yetu.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya pili ya Novemba. Kulipopambazuka nilikwenda kwenye kichaka bila magongo, nikangoja. Siku tatu nilingoja. Vichaka vya mlimani vilianza kuchipua, cha Mama hakikuchipua. Siku ya nne Garth aliniambia nivae koti, Setsuko anatuita.

Ndani ya nyumba ya vioo, juu ya meza ya mbao, vilipangwa vyungu sita vyenye mchanga, na kila chungu kilikuwa na mche wa urefu wa shubiri. Nilishika jani moja. Likaninata kidoleni. Sikuhitaji kuuliza ni vya nani.

"Vijiti nilivikata Juni," alisema Garth, "siku moja kabla hujaingia hospitali. Setsuko ndiye aliyenionyesha. Unakata chini ya kifundo, unatoa majani ya chini, unafunika kwa nailoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua mmoja wetu atakimwagilia." Alijikuna kichwa. "Nilidhani ni mimi."

Nilitafuta pa kuyaweka macho. Nikamuuliza alijuaje.

"Mashimo ya magongo, Leonor. Bustani nzima. Utadhani amepita mbuzi mwenye miguu miwili. Nikaona niyasawazishe kabla hajaja mtu."

Setsuko alikuwa akichambua majani makavu kana kwamba hatupo.

"Mimi nilikuona toka mwanzo," alisema. "Ungeniita ningekuja. Hukuniita. Nami huku nina miche sita, nikasema acha Polisi amalize kazi yake."

Nililia hapo hapo, katikati ya vyungu, na sikuona aibu. Nilimwomba Garth msamaha kwa kila mtu aliyemcheka, mmoja mmoja kwa jina, nikafika wa saba akaniambia chai inapoa. Miezi mitatu alijua, akaibeba lawama yangu hadi ukumbini na kuipokelea zawadi.

Kikao cha Desemba nililibeba kopo la dhahabu mwenyewe. Nilisimama mbele nikawaambia kwamba hili si la Garth, ni langu, nikaeleza yote, pamoja na benchi na soksi. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu yule mwalimu mstaafu akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma.

"Bomba hatimaye nani alilifunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Umebahatika," alisema. "Mimi nilifungishwa."

Siku hizi ananisalimia kwa karibu.

Tulipanda miche mitatu mbele ya dirisha, miwili kwa Setsuko, na mmoja nimempa mwalimu, ambaye ameapa kutougusa. Mwezi Mei, mche wa katikati pale dirishani ulitoa ua lake la kwanza. Garth alichuma unyasi akakigusa kile kiulimi, tukainama wote wawili kutazama midomo ikifumba. Alikuwa na la kusema, nilimwona, akalimeza.

Ila kuna jambo ambalo huwa silitilii mkazo ukumbini. Kiangazi cha kwanza mche mchanga haujawa na mizizi ya kujitegemea, unahitaji maji kidogo, mara moja kwa wiki, asubuhi na mapema. Kazi hiyo nimemkabidhi Garth. Anaamka Jumamosi na kopo la kupimia la jikoni, anamimina, anafuta mikono, anarudi kitandani. Mimi sijiamini.

Karatasi yangu ameitoa kwenye friji. Amebandika yake, kwa mwandiko wake wa kulalia upande: LEONOR, USIGUSE BOMBA. UKILIA, NIITE.