Silinda ya Tano

Mzee Zabron aliniletea injini yake ndani ya kiboksi cha dawa ya macho. Alikuwa ameizungushia pamba. Aliiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya taya mbili za plasta zilizokuwa zinasubiri meno, akasema, "Na hii nayo inataka fundi."

Mimi ni fundi wa meno bandia, chumba changu kipo Chumbageni. Mzee alikuwa mteja wangu tangu nilipomtengenezea meno ya juu, miaka minne nyuma. Dirishani nimeweka vindege viwili vya plastiki nilivyoviunganisha mwenyewe, na kila akija huvisogelea akavitazama kabla hajakaa. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilikuwa tayari na brashi nyembamba, koleo ndogo na lenzi ya kuvaa kichwani, nikaona nijaribu. Kindege cha kwanza nilikiharibu kwa gundi. Cha pili nilikiharibu kwa rangi nene. Hivi vya dirishani ni cha sita na cha tisa.

Kindege cha mzee kilitumwa na binti yake Leticia, aliyeko Dar es Salaam: kisanduku kilichojaa vipande vya plastiki nyeupe vya kuunganisha. Kilikuwa cha aina ileile ya ndege aliyoihudumia mzee kwa miaka ishirini na mbili, ndege ya injini moja iliyokuwa ikinyunyiza dawa ya nzige. Yeye alikuwa fundi wa injini, na popote ndege ilipotua ndipo alipolala.

"Mabawa na mwili mama yenu anaweza kugundisha," alisema. Alimaanisha mkewe, Mama Praxeda. "Mimi nataka injini. Nataka niione mara moja tu, ikiwa na rangi zake."

Nilijua kwa nini alisema mara moja. Presha ya macho ilishalizima jicho lake la kulia. La kushoto lilibakiwa na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia penye tundu la ufunguo, na hata hilo lilikuwa zuri asubuhi tu, kwenye mwanga wa mlangoni.

"Daktari amesema una muda gani, mzee?"

"Daktari hasemi muda. Anasema endelea na matone."

Niliiinua injini kwa koleo. Ilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda. Silinda tisa zilipangwa kwa duara, na kila silinda ilikuwa na mapezi membamba ya kupozea joto. Nilifikiri, hii ni taya iliyojifunga duara. Nikachukua daftari nikaandika aliyokuwa akinieleza. Kifua cha katikati, kijivu. Silinda, nyeusi, lakini nyeusi iliyochoka na joto. Mabomba ya moshi, rangi ya msumari uliosahauliwa mvuani.

"Na silinda ya tano si nyeusi," akasema. "Hiyo ni ya kijivu. Tuliitoa kwenye injini nyingine, tukaifunga mimi na Lucas kambini, upepo unatumwagia mchanga. Rubani akaja, akaangalia ile silinda moja yenye rangi tofauti, akaniuliza, 'Hii itashika?' Nikamwambia, napanda na wewe."

"Ukapanda?"

"Nikapanda. Lakini kwanza Lucas alikagua, akasaini. Ile kazi yetu, Bwana Nasri, fundi hasaini kazi ya mkono wake mwenyewe. Mimi nikifunga, anakagua Lucas. Akifunga Lucas, nakagua mimi. Ukijisainia, umejidanganya na umemdanganya rubani."

Lucas alishafariki, Korogwe, mwaka uliotangulia.

Kazi ilinichukua siku tisa, kwa sababu niliifanya baada ya kazi ya meno. Nilipaka nyeusi nyepesi, nikaacha ikauke siku nzima. Kisha nikachanganya rangi na tina nyingi mpaka ikawa kama maji ya chai, nikaidondosha ili iingie yenyewe katikati ya mapezi na kuacha kivuli. Ikikauka, unachukua brashi yenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu, ndipo unaipitisha juu kwa juu. Mapezi yanajitokeza moja moja. Mabomba ya moshi niliyapaka kahawia, na kabla hayajakauka nikayapulizia vumbi la tofali nililosaga. Silinda ya tano nikaipaka kijivu. Niliridhika nayo, na mimi si mwepesi wa kuridhika.

Niliipeleka mtaa wa Mabawa, nyumbani kwake, asubuhi. Mama Praxeda alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mzee alikaa kizingitini, uso kwenye jua. Aliisogeza injini kwenye jicho la kushoto mpaka nikaogopa kope zitagusa rangi. Akaitembeza taratibu, silinda moja baada ya nyingine. Mama aliacha mchele.

"Nzuri," akasema mzee. Baadaye kidogo, "Nzuri sana. Lakini si yangu."

"Kuna nini, mzee?"

"Umepaka ya sita."

Nilihesabu. Moja ya juu, mbili, tatu, nne, tano. Nikamwambia ni ya tano.

"Umesimama wapi?"

"Hapa. Mbele yake."

"Haya. Na rubani amekaa wapi?"

Nikahesabu tena. Rubani amekaa nyuma ya injini. Silinda huhesabiwa kwa kulia kwake yeye, si kwa kulia kwa mtu anayeitazama kwa mbele. Mtu mwingine angekosea hivyo nisingemshangaa. Lakini kwenye meno nimefanya kazi miaka ishirini na saba, na jambo la kwanza tunalojua ni kwamba kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako wewe uliyemkabili. Kwenye mdomo sijawahi kukosea. Nimekosea kwenye injini.

"Baba Leticia," alisema Mama Praxeda, "kijivu si kijivu tu? Mwache mwenzio apumzike."

"Mama, mimi ningefungua silinda nzima nikaiacha mbovu ndani, tungeangukia wapi?"

"Mngeangukia kwenye nzige. Mngewaua bila dawa."

Mzee alicheka mpaka meno yangu yakalegea mdomoni mwake, akayarudisha kwa kidole gumba. "Lete Jumamosi," akaniambia. "Na usile muda kama halua, nyie watu wa pwani nawajua."

Ningeweza kubadilisha silinda mbili tu, kazi ya saa moja. Lakini rangi juu ya rangi huwa nene, na rangi nene huzamisha mapezi. Niliitumbukiza injini yote kwenye spiriti, nikaisugua kwa mswaki mpaka plastiki ikarudi nyeupe. Nikaanza upya. Na kwa kuwa nilianza upya, nikaona niongeze na waya za plagi. Kila silinda ina plagi mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo waya kumi na nane. Nilizichomoa kwenye koili ya mota mbovu ya feni, shaba nyembamba kama unywele, nikatoboa tundu la kila moja kwa sindano.

Jumamosi ilipita. Mama Praxeda akapiga simu. "Mwanangu, vipi?"

"Imebaki kidogo, mama."

Baada ya siku nne akapiga tena, nami nikajibu vilevile. Hakunihimiza. Alisema tu, "Haya, baba, tunakusubiri," na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Niliisikia ile sauti, na bado nikarudi kwenye waya. Ukweli ni kwamba waya zile mzee hakuzitaka. Mimi ndiye niliyezitaka, kufidia aibu ya silinda ya sita.

Nilifika Mabawa siku ya kumi na sita tangu aniagize nianze upya. Mzee alikuwa palepale kizingitini, uso kwenye jua. Nilipofungua geti hakugeuka. Nilipopita mbele yake hakugeuka. Niliposema "Shikamoo, mzee," ndipo alipoinua kichwa, akaitazama nafasi iliyo pembeni yangu.

"Marahaba, Bwana Nasri. Umeshamaliza halua?"

Mama Praxeda aliweka chini ungo wa mchele, akaleta chai. Aliushika mkono wa mzee, akauweka kwenye kikombe.

Nikampa injini. Aliisogeza kwenye jicho la kushoto kama mara ile, akaitembeza taratibu. "Nzuri," akasema. "Sasa ndiyo yenyewe." Upande aliouelekeza kwenye jicho ulikuwa wa nyuma, ambao haukuwa na rangi yoyote, ila waya na tundu la gundi. Mama alinitazama, akatikisa kichwa kidogo.

Ningeweza kukubali. Pengine ingekuwa adabu. Lakini alikuwa ameniambia habari ya kumdanganya rubani, na sikuweza.

"Mzee," nikasema, "nimechelewa."

 Aliishusha injini magotini.

"Tangu Jumanne," alisema. "Nilifungua mlango nikadhani kungali giza. Nikasubiri kupambazuke. Mama akaja akaniuliza mbona nimesimama."

"Ningeleta ile Jumamosi, ungeiona."

"Ningeiona."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaizungusha injini vidoleni bila kukusudia, kama mtu anayechezea shanga. Ghafla kidole gumba kikasimama.

"Hii nini?"

"Waya za plagi."

"Umeweka waya?"

"Shaba, mzee. Ndiyo zilizonichelewesha."

Alikaa wima. Akaipeleka injini kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, na kwa ukucha wa kulia akaanza kuigusa waya moja baada ya nyingine, kwa wepesi ambao hata kwenye kazi yangu sijauona kwa mtu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alizunguka mbele, akageuza, akazunguka nyuma, akarudia nyuma. Uso wake ulibadilika. Sura ile sikuwahi kuiona, ila naamini Lucas aliijua.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na nane, mzee."

"Kumi na saba. Silinda ya tatu, plagi ya nyuma. Haina waya."

Nilivaa lenzi. Nilitazama. Tundu lilikuwepo, jeusi, tupu. Nikakumbuka palepale: nilifunga waya za nyuma hadi ya pili, ikaadhiniwa alasiri, nikanawa nikaenda msikitini, na niliporudi nikaanza na ya nne.

"Kweli, mzee. Nilikwenda kuswali."

"Swala haina kosa. Kosa ni kutoweka alama ulipoishia." Alipiga goti lake kwa furaha. "Ndege hii hairuki! Shusha abiria!"

"Abiria gani?" alisema Mama Praxeda. "Ni mimi peke yangu, na nimeshavaa nguo za kanisani."

"Na wewe shuka, mama. Tunafanya matengenezo."

Mfukoni nilikuwa na kibati cha vifaa. Nilikata waya. Nilitaka kuishika injini mwenyewe, lakini mzee hakuiachia. Aliibana kwa vidole viwili, ukucha ukiwa pembeni mwa lile tundu kunionyesha mahali, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.  Nikaingiza waya, nikatia tone la gundi kwa kijiti cha meno. Tukakaa tumeinamiana hivyo, vichwa vinakaribia kugongana, mpaka ikashika.

"Sasa niwekee kidole kwenye ya tano," akasema. "Usikosee."

Nilienda nyuma ya injini, nikakaa anapokaa rubani, nikahesabu kwa kulia kwake. Nikakiweka kidole chake.

"Ni hii. Kijivu cha jivu la mkaa. Chini kidogo ina alama ya oili."

"Oili hukaa huko chini, ya tano na ya sita. Endelea. Anza na ya kwanza."

Nikamwambia zote tisa, kidole chake kikinifuata. Nilimwambia wapi nyeusi imechoka zaidi, wapi vumbi la tofali limeshika vizuri na wapi halikushika. Sikupamba. Mara mbili alinisimamisha akaniuliza tena, na mara moja akanisahihisha: bomba la saba lilikuwa limepinda zaidi ya hapo. Nikaandika kwenye daftari langu.

Mama Praxeda aliliona daftari, akalichukua mkononi mwangu, akafungua ukurasa mweupe. "Si ulisema lazima isainiwe?" alimwambia mumewe.

Niliandika tarehe na kazi iliyofanyika. Mama akakiweka kidole cha mzee mwanzo wa mstari, akampa kalamu. Saini ilianza vizuri, ikapanda juu, ikavuka mstari wa pili, ikaishia pembeni kabisa mwa karatasi. Hakuiuliza imekaaje. Alirudisha kalamu.

Mama akaleta kindege alichokwisha kukigundisha, nami nikaipachika injini puani mwake. "Bati la kufunika injini nikugundishie?" niliuliza. Ukishaligundisha, ndani hapaonekani tena.

"Usigundishe. Ukaguzi ni kila asubuhi."

Pangaboi nililipachika bila gundi, ili lizunguke. Alilitafuta kwa kidole, akalisukuma taratibu, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Kabla ya kuwasha, akanieleza, lazima ulizungushe kwa mkono kwanza, ile oili iliyolala chini ipate kutoka.

Kisha akanyoosha mkono mmoja mbele, kama mafundi wanavyofanya uwanjani kabla ya kuwasha injini.

"Mama, toka mbele ya ndege."

Mama Praxeda aliinuka na ungo wake wa mchele, akasogea pembeni.