Tutasikiana, Baba Pacha

Mke wangu aliichomoa fimbo kwenye ndoano, akavuta mpini, na vipande vyake vitatu vikarukiana vikashikana: kwa! Akaigonga sakafuni. Akatega sikio kama mtu aliyepiga hodi anasubiri kuitikiwa.

"Hii hapana," akasema. "Nyingine."

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya viatu vya mlimani, najifanya nachagua soksi. Nilikuwa na hasira ya kimyakimya, ile ya mwanamume aliyeombwa abaki nyumbani akakataa.

Mimi ni fundi wa friji. Diploma yangu ipo ukutani, na jicho langu halilali. Friji ikivuja gesi najua kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Sasa ningeshindwaje kujua mke wangu anavuja? Tangu watoto wetu pacha wahamie kwao, mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Aliacha kutoka jioni. Simu yake, ambayo zamani aliitupa popote, sasa alijifungia nayo chumbani, na huko ndani nilisikia sauti ikimsemesha. Kabla ya kulala alinipapasa uso, taratibu, kwa upole wa mtu anayeaga. Na asubuhi mlangoni, badala ya "tutaonana" yetu ya miaka yote, akawa anasema, "Tutasikiana, Baba Pacha."

Tutasikiana! Hilo ni neno la simu. Neno la mtu anayekwenda mbali.

Halafu siku moja nikamsikia kwenye korido akinong'ona simuni: "Iwe nyepesi, ikunjike, ienee kwenye mkoba. Baba Pacha asijue." Kesho yake ananiambia anakwenda kununua fimbo za kupandia mlima. Mlima tuliuanza sisi wawili, tukiwa wachumba, yeye mbele, mimi nyuma nikihema na kuutania mgongo wake. Nikajua tu. Amepata wa kupanda naye.

"Mama, za kaboni ndizo nyepesi kabisa," muuzaji, mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni, alikuwa akimwambia. "Hizi za alumini zina uzito kidogo, ila zikibanwa na jiwe zinapinda, hazikatiki. Kuna nyeusi na nyekundu."

"Rangi haina shida. Toa hicho kimpira cha chini, nisikie ncha."

"Uisikie?"

"Niisikie."

Uvumilivu ukaniishia. Nikatokeza, soksi mkononi. "Na huyo mwenzako, yeye anapenda rangi gani?"

Akageuka. Uso wake ukanitafuta kushoto kwangu, kwenye sanamu iliyovalishwa koti la mvua. Ukakaa hapo. Kisha, polepole, ukanipata.

Nikaiangalia sanamu. Nikamwangalia yeye. Soksi zikanidondoka.

"Mwenzangu yupi?"

"Uliyekuwa unamnong'oneza."

"Daktari wa macho?" Akaguna. "We! Ulidhani nina bwana?"

Muuzaji akakumbuka ana kazi upande wa mahema.

"Macho yangu, pembeni pameshakwenda," mke wangu akasema. "Katikati napo panafifia. Siku hizi simu ndiyo inanisomea hata meseji zako. Badala ya ile nyeupe ya wasioona, nikataka fimbo ya watu wa mlimani, nijizoeze nayo, watu wasiniulize."

"Kwani mimi ni watu?"

"Wewe unatania kila kitu. Niliogopa hili hutaweza kulitania."

Nilitafuta utani kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo huku mvua inamnyeshea.

"Basi chukua nyekundu," nikasema. "Ukipotea, angalau mimi nitakuona. Na huyo sanamu uliyemkodolea macho, mwache, ana mke mkali."

Akacheka mpaka akanishika kola. Sikujua kama ananishika kwa kicheko au kwa kutafuta pa kujishikiza.

Tulichukua za alumini, nyekundu.

Asubuhi ya mlima, pale njia inapoanza kupanda kwenye mawe, alivuta mipini: kwa, kwa. Akatangulia, kama zamani. Mkono wangu ulishanyooka kumshika kiwiko; nikaurudisha mfukoni.

"Haya, tutaonana juu," nikasema, kisha nikajiuma ulimi.

Hakugeuka. "Tutaonana, Baba Pacha."

Nikamfuata. Njia yote ile sikusema neno, nisije nikaupoteza mlio wa zile ncha.