Chapati ya Darrell

Kila asubuhi mama mkwe wangu, Surjit Kaur, alitembea peke yake hadi gurdwara, hekalu letu sisi Masingasinga hapa Yuba City, kukanda unga wa chapati. Kisha siku moja jirani yetu Darrell akamvua ushungi barabarani, akamtemea mate na kumwambia arudi kwao. Kwao wapi? Mama kakaa mtaa huu tangu Darrell hajaota meno!

Jumapili iliyofuata nilimpeleka gurdwara kwa gari, tukapika pamoja na wenzetu chakula cha watu wote. Tuliporudi, akagoma kabisa kutoka nje. Nikimuuliza, hasemi. Nikaona haya sasa yamezidi, tukaenda mahakamani kuomba Darrell azuiwe kumkaribia.

Mambo yalituendea vizuri mpaka wakili wa Darrell alipotoa picha ya Jumapili ile. Darrell kaketi kwenye mkeka wa gurdwara, Mama anampa chapati! Wakili akauliza, mtu anayekuogopa anakupakulia chakula? Tenda wema uende zako, wanasema. Hawakusema utakufuata mahakamani. Nilijua tumekwisha.

Mama akasimama.

"Mheshimiwa, kwetu anayeketi hulishwa. Hatumuulizi dini wala dhambi zake. Nilimpa kwa mikono miwili, kama ninavyompa kila mtu. Akaipokea, akaninong'oneza kwamba njia ninayopita anaijua. Nikamaliza zamu yangu. Tangu hapo sijatoka, ila leo."

Kumbe! Na mimi nilikuwa palepale jikoni nakoroga dengu, sina habari.

Hakimu akamuuliza Darrell kama alisema hivyo. Darrell akamtazama wakili wake, wakili akatazama viatu. Hakimu akatoa amri: asimsogelee Mama, asikanyage nyumbani kwake, njiani kwake wala gurdwara. Akikaidi, jela. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Garini Mama akauliza nani sasa atampa yule kijana chapati.

"Mama, mji umejaa mikahawa, na miguu anayo."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Asubuhi nikachukua ufunguo wa gari nimpeleke. Nikamkuta mlangoni, ushungi kichwani, viatu miguuni.

"Kaa unywe chai yako, mwanangu," akasema. "Njia naijua."