Dola ya Mayai Kumi na Moja

Siku ya Jumatatu Ludovick alipoingia uani kwa Evangelina, kule Singe, hakuzima pikipiki yake. Hilo la pikipiki kutozimwa lishike vizuri, maana ndilo lililoleta kizaazaa chote.

Evangelina alikuwa anapeta mbaazi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwani kilichofungwa barabara kama anakwenda ibadani. Ludovick alikuwa kijana wa mjini, kazi yake kuwatembeza wageni wa Ulaya: kuwaonyesha viboko ziwani, kuwapandisha mlima Kwaraa, kisha kuwatafutia chakula. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, huu mwaka wa tatu, wageni walikuwa wanaongezeka.

"Shikamoo, Mama Cornel."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, zima hilo dude lako tuongee."

"Sikai, mama. Nina wageni wanne Jumamosi. Hawataki hoteli, wanataka kula nyumbani kwa mtu, chakula kile kile mnachokula ninyi. Watakulipa dola tano kwa kichwa."

Sasa, Evangelina alipokuwa msichana, shilingi tano iliitwa dala. Gauni lake la kipaimara lilinunuliwa kwa dala nne, na kuhesabu pesa alijifunza kwa dala kabla hajajifunza kwa kitu kingine. Siku hizi dala haipo tena midomoni mwa watu, na shilingi tano ukiidondosha njiani hata mtoto haiinamii. Lakini kwa ngurumo ile ya pikipiki, na kwa masikio yale yaliyolelewa na dala, Evangelina alisikia "dala tano kwa kichwa". Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, kuku wa kienyeji, ugali, mlenda, maziwa mgando, na maji ya moto ya kunawa. Kwa tano?"

Ludovick akaona mama huyu anajua biashara. "Basi sita."

"Hiyo sita yako hainunui kiberiti."

"Saba, mama. Nikizidi hapo bosi wangu atanifukuza."

"Kumbe una bosi," akasema Evangelina. "Bosi anayelisha watu wazima kwa saba, mlete hapa nimwone sura."

Ludovick akajifuta jasho. "Wewe mwenyewe unataka ngapi?"

Evangelina akanyoosha mgongo. Alikuwa ameamua kutaja bei kubwa, liwalo na liwe. "Elfu tatu kwa kichwa. Na sipunguzi."

Hapo ndipo Ludovick alipozima pikipiki. Alimtazama mama, akatazama mbaazi, akamtazama mama tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika usukani asianguke.

"Mama Cornel, hizo saba ulizozikataa ni elfu saba na mia saba. Nimesema dola. Dola za Marekani."

"Si ulisema dala?"

"Dala ndiyo nini?"

Evangelina naye akacheka, akakaa juu ya gunia. Alipomaliza kupangusa macho alisema, "Basi rudi kwenye tano uliyoanza nayo. Hizo mbili za juu nimezipata kwa sikio bovu, si zangu."

Neno lile lilimwingia Ludovick. Akasogea, akashusha sauti. "Mama, nikuambie kweli. Msimu huu nina wageni kila juma hadi Oktoba. Wanapenda kumlipa mwenye nyumba mwenyewe, mkononi, mimi nisiguse. Kwa hiyo natafuta mtu anayeweza kupokea dola na kurudisha chenji bila kunitazama mimi usoni. Jumamosi ukiweza, msimu wote ni wako. Ukikwama, nitawapeleka hoteli ya pale mjini."

"Nitaweza," akasema Evangelina, ingawa maishani mwake alikuwa hajawahi kuishika dola hata kwa ncha ya kidole.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwanawe Cornel, anayefanya kazi Arusha, alikuwa amekwisha kuamua. Tangu baba yake afariki, kila akija alitazama ghala, akatazama bei ya mbaazi, akatikisa kichwa. "Mama, shamba hili halikulishi tena. Nimekuwekea chumba kwangu." Jumapili ijayo angekuja kumchukua. Cornel hakuwa mtoto mbaya, na chumba chenyewe kilikuwa na zulia. Lakini chumba kile dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na Evangelina alikuwa amezoea kufungua mlango alfajiri akaukuta Kwaraa umejifunika wingu mabegani kama bibi anayeota moto. Kuku wake nao nani angewajua kwa majina?

Kesho yake akashuka mjini, dukani kwa Mujahid. Mujahid aliuza sukari, misumari na vitenge, na kila mwezi alikwenda Arusha kufuata mali, hivyo watu wa mjini wenye dola walimpa yeye akawabadilishie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Amira. Nimekuja shule."

Alipomweleza, Mujahid hakucheka. Alimfungulia kiti cha kukunja, akatoa bahasha chini ya kaunta, akapanga noti tano juu ya gazeti: ya moja, ya tano, ya kumi, ya ishirini na ya hamsini.

Evangelina akazitazama muda mrefu. "Baba Amira, hizi pesa mbona zimevaa sare kama watoto wa shule? Za kwetu ukimwona simba ni elfu mbili, kifaru elfu tano, tembo elfu kumi. Hata asiyesoma hapotei. Hizi zote ni wazee, na rangi ni hiyo hiyo moja."

"Ndiyo maana watu wanalizwa, mama. Tazama namba kwenye pembe."

"Namba nitaitazama. Lakini mtu namshika kwa sura."

Akaanza kuwapa majina. Wa tano, mwenye ndevu na mashavu yaliyoingia ndani, alimwita Katekista, kwa sababu alifanana na Leonsi, katekista wao wa Singe, wakati wa Kwaresima. Wa ishirini nywele zake zilikuwa zimesimama kama amepanda nyuma ya lori, akawa Utingo. Wa hamsini, mwenye ndevu zilizojaa na uso wa mtu anayesubiri watu wanyamaze, akawa Padre. Mujahid alimtazama Padre yule upya, akakubali kwamba kweli anasubiri watu wanyamaze.

"Sasa sikia neno kubwa kuliko yote," Mujahid akasema. Akatoa noti nyingine ya hamsini kutoka kwenye kopo. "Huyu naye Padre, sivyo? Lakini mtazame kichwa."

Evangelina akaziweka bega kwa bega. Padre wa kwanza uso wake ulijaa noti. Huyu wa pili alikuwa mdogo, amebanwa ndani ya duara katikati kama picha ya kitambulisho.

"Hii ni dola ya kichwa kidogo. Ya zamani. Kwao bado ni pesa, lakini Arusha hawaitaki, na wakiitaka wanakukata nusu. Hii niliipokea mwaka juzi kwa haya. Mteja alikuwa mtu mzima, nikaona aibu kumrudishia. Haya yangu ndiyo hiyo iko kwenye kopo. Ya moja tu ndiyo isiyo na neno. Yule kichwa chake kilidumaa tangu zamani, wamemzoea."

Kuhusu hesabu, hapo ndipo shule ilipokuwa ngumu. Dola moja ilikuwa shilingi elfu moja na mia moja. Mujahid alimwandikia kwenye karatasi ya sukari, akazidisha, akabeba, akajumlisha. Evangelina aliishia darasa la nne, na elfu moja na mia moja mara thelathini ilimponyoka kila alipoishika, kama sabuni kwenye beseni. Akarudi nyumbani kichwa kikimuuma.

Jioni ile alikuwa anaokota mayai. Aliyapanga kwenye trei kama kawaida yake, mstari baada ya mstari, maana yai moja aliliuza shilingi mia na mama wa duka la stendi hakuwa na mchezo na hesabu. Alipofika yai la kumi na moja mkono ukasimama hewani. Mayai kumi na moja ni elfu moja na mia moja. Mayai kumi na moja ni dola.

Alikaa chini pale pale bandani. Katekista mmoja ni mayai hamsini na tano. Utingo ni mayai mia mbili na ishirini. Mayai alikuwa ameyahesabu miaka arobaini. Aliweza kuyahesabu huku anaongea, huku amebeba mtoto, huku anamfukuza mbwa. Asubuhi aliporudi dukani alimjibu Mujahid kila swali kabla mwenzake hajatafuta kalamu.

"Na dola ikipanda, ikawa elfu moja na mia mbili?" Mujahid akamtega.

"Itakuwa imetaga," akasema Evangelina.

Ijumaa akauza gunia la mbaazi ili awe na chenji ya kutosha: tembo, vifaru, simba na noti za elfu moja, elfu thelathini na tano kwa jumla. Ndiyo yote aliyokuwa nayo. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jumamosi wageni wakaja, wanaume wawili na wanawake wawili, miguu myekundu kwa vumbi. Walikula hadi Ludovick akaona haya kwa niaba yao. Mmoja, mwanamume mrefu mwenye mvi, alirudia mlenda mara tatu, na kila ulipovutika kutoka kwenye tonge alicheka kama mtoto. Evangelina aliwanawisha mikono, akawapa maziwa, akawaonyesha jogoo. Kisha ukafika wakati wa kulipa. Ludovick akasimama kando, mikono nyuma, kama mwalimu kwenye mtihani.

Yule mrefu akatoa noti ya hamsini, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kuwa ndiyo adabu ya huku. Alikuwa analipia wote wanne. Evangelina akapokea kwa mikono miwili vilevile. Akatazama namba. Akatazama sura. Alikuwa Padre, lakini Padre aliyekonda, kichwa kimebanwa katikati.

Kumrudishia mgeni kitu alichokutolea kwa mikono miwili, mbele ya wenzake, uani kwako, amekwisha kula chakula chako, hilo kwao Evangelina halikuwahi kutendwa. Mama yake mzazi angefufuka. Na akiipokea atatoa chenji ya dola thelathini kutoka kwenye pindo, karibu pesa zote za mbaazi, abaki na Padre wa kwenye kopo. Ludovick alikuwa anatazama mlimani. Hakutaka kumsaidia hata kwa jicho.

Akafikiri kwa utulivu, kama anayechambua mchele. Halafu akamshika yule mzee mkono, mkono ule ule wenye vidole vilivyonukia mlenda.

"Ludovick, mwanangu, nitafsirie vizuri. Mwambie chakula alichokula ni chake, hata asipolipa hakidaiwi. Lakini noti hii imezeeka kama mimi, na mzee hapaswi kuhangaishwa ugenini. Huku wataizungusha mlango hadi mlango. Arudi nayo kwao, wanaoijua, wataiheshimu. Anipe kijana."

Ludovick akatafsiri. Wageni walitazamana, na Evangelina akahisi jasho limemtoka kwenye kitambaa. Halafu yule mzee akaitazama noti yake, akajigusa mvi zake mwenyewe, akasema neno, na wote wanne wakacheka.

"Anasema," Ludovick akatafsiri, "hata yeye huku watu wanamzungusha mlango hadi mlango, ila hapa ndipo walipompokea."

Mmoja wa wanawake akafungua mkoba, akatoa hamsini nyingine. Padre huyu alikuwa amenenepa, uso umejaa noti nzima. Evangelina akafungua pindo. Ishirini ni zangu, thelathini ni zenu. Thelathini mara mayai kumi na moja, mayai mia tatu na thelathini. Akamwekea yule mama mkononi tembo watatu, simba mmoja na noti ya elfu moja. Ludovick alikuwa bado anabonyeza simu yake atafute jibu. Alipolipata, elfu thelathini na tatu, akaificha simu mfukoni.

Wageni walipotangulia njiani alibaki nyuma.

"Mama, zile za kichwa kidogo mimi ninazo mbili. Ziko chini ya godoro tangu mwaka jana. Sikujua zinakataliwaje."

"Unakataa noti, humkatai mtu," akasema Evangelina. "Jumamosi ijayo wangapi?"

"Sita."

Jumapili Cornel akaja na pikapu ya rafiki yake, kamba na turubai nyuma. Akamkuta mama yake ametoka kanisani, anapika chai, na hakuna hata sufuria moja iliyofungashwa. Evangelina akamweka chini, akamsimulia yote tangu pikipiki isiyozimwa, hakuruka hata mlenda. Kisha akamwekea mezani Padre mnene. Cornel aliishika ile noti, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii umeipata kwa siku moja?"

"Kwa mchana mmoja, na ishirini tu ndizo zangu, nyingine nimewarudishia. Na hadi Oktoba watakuja kila juma. Mwanangu, kile chumba chako mpangishie mtu, kisikae bure."

Cornel alimeza chai, akatazama ghala kwa mazoea, kisha akamtazama mama yake, na kicheko kikaanza kumtoka taratibu, kicheko cha marehemu baba yake kabisa.

"Na mafuta niliyochoma kutoka Arusha, mama?"

"Hayajapotea. Fundi Damasi kule Mutuka ana mabenchi mawili ya mninga, nilikuwa nawaza nitayabebaje. Wageni wangu jana wamekalia magunia."

"Na Jumamosi wanakuja wangapi?"

"Sita."

"Basi mawili hayatoshi," akasema Cornel, akainuka kutafuta funguo za gari.